Ukurasa wa Kwanza Nilioacha Kuusoma

Jumanne moja, saa saba mchana, nilikuwa kibandani kule Ngara, Nairobi, chapati mkononi, madondo yakifuka, simu ikalia. Wakili. Na Wakili si mtu wa kupiga simu saa ya chakula.

“Dada, hii nambari ya shamba uliitoa wapi?”

Nikamwambia: Gazeti Rasmi la Serikali, toleo la Ijumaa ile, sehemu ya ardhi. Jedwali nililomtumia lilikuwa na kila kitu: nambari ya notisi, jina la mwenye shamba, kaunti, siku ya mwisho ya kuweka pingamizi.

“Ilisahihishwa wiki mbili baadaye. Walikuwa wamegeuza tarakimu, 47 badala ya 74. Iko ukurasa wa kwanza.” Akanyamaza kidogo. “Si wewe uliyenifundisha kuanza na ukurasa wa kwanza?”

Chapati ilipoa.

Niseme mapema nisiwaweke roho juu: hakuna aliyepoteza shamba. Barua ya pingamizi ilikuwa imefika kwa msajili ikitaja shamba la mtu mwingine kabisa, na kati ya zile siku 60 za kuweka pingamizi zilikuwa zimebaki 11. Barua mpya ikapelekwa kwa mkono, ikagongwa muhuri, yakaisha. Wakili hakunigombeza. Angenigombeza ningelala. Alishangaa tu, na mshangao huo unanizunguka kichwani wiki ya sita sasa.

Maana programu ya akili bandia (AI) niliyoiachia kunisomea Gazeti ilifanya nilichoiambia, neno kwa neno. Na nilichoiambia nilikiandika mwenyewe, nimetulia, kikombe cha chai pembeni.

## Nyanya za mia

Kazi yangu mnaijua. Kila Ijumaa Gazeti likitoka, mimi hulipitia kwa niaba ya mawakili watatu na ofisi moja ya kuuza ploti. Nani ametangaza kupoteza hatimiliki, shamba gani, wapi. Nani amekwenda kortini kuomba usimamizi wa mali ya marehemu. Hatimiliki mpya hutolewa siku 60 zikipita bila pingamizi. Ya mirathi ni siku 30. Ukichelewa umechelewa.

Anayedhani ni kazi ya kunakili tu hajawahi kuishika. Ukurasa una safu mbili na maandishi madogo kama mtama. Chini ya notisi, pembeni, kuna herufi MR, mkwaju, na tarakimu saba. Hiyo ni nambari ya risiti, wala haihusiani na shamba, lakini ukichoka inafanana na nambari ya kitu. Na jina la ofisi ya msajili liko chini kabisa, kwa hiyo notisi ikikatika katikati ya safu, mwili wake uko kushoto na jina hilo umeliacha kulia.

Mpwa wangu alinikuta usiku mmoja nimeinamia kompyuta, miwani imeteremka. “Anti, unateseka bure. Lipia hiyo kitu ya AI.”

Nikalipia. Dola 20 kwa mwezi, shilingi 2,600 hivi, na kodi juu. Ndipo nikakutana na jambo ambalo mpwa hakunitajia. Vitufe.

Kuna gumzo la kawaida ambalo sote tulilizoea tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022. Kuna utafiti wa kina, ambao Google waliuweka kwenye programu yao ya Gemini Desemba 2024 na OpenAI, wenye ChatGPT, wakaja na wao Februari 2025: unauliza, unaondoka, baada ya dakika tano au hata thelathini unarudi kukuta ripoti yenye viungo vya kila ilichosoma. Kuna miradi, ambamo unaweka nyaraka na maelekezo ili usianze upya kila siku. Kuna kazi za kupangiwa saa. Na kuna zile ambazo Anthropic walizileta kwenye programu yao ya Claude Oktoba 2025 na kuziita Skills. Mimi naziita karatasi, utaona kwa nini.

Nilifanya kama mtu aliyeingia duka la viatu na pesa ya mkopo. Nikachukua kilichoonekana cha bei kubwa. Kitufe cha utafiti.

Nikaipa Gazeti la Ijumaa ile na ombi langu. Nikaenda kuanika nguo. Niliporudi nikakuta kurasa tisa: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 na kile kifungu cha 33 cha hatimiliki zilizopotea, maelezo ya Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni uliozinduliwa Nairobi Aprili 2021, onyo kuhusu ulaghai wa hatimiliki, na katikati ya hayo yote, orodha ya notisi 14.

Notisi zilikuwa zaidi ya 60.

Nilikuwa nimemtuma mtu nyanya za mia, akarudi mikono mitupu na historia ya soko la Marikiti. Historia nzuri, kusema kweli. Lakini nyanya zi wapi?

## Karatasi

Karatasi ni folda yenye faili ya maandishi ya kawaida. Juu kuna jina na maelezo mafupi ya lini itumike. Chini yake hatua. Programu husoma kwanza yale ya juu tu, na ikiona kazi uliyoileta inaoana nayo ndipo inafungua yaliyobaki. Kama karatasi unayombandikia msaidizi mpya mlangoni mwa jikoni: mtoto anakunywa dawa saa mbili, asipewe soda, babu hali chumvi.

Yangu ilianza na mistari tisa. Wiki ya kwanza ikanipa mashamba manne ambayo nambari zake zilikuwa risiti. Nikaongeza: “Nambari inayoanza na MR ni risiti. Usiiite shamba.” Wiki ya pili ikachanganya safu, msajili wa Thika akajikuta amesaini notisi ya Kajiado. Nikaongeza mstari. Kisha nikaongeza namna ya kuhesabu siku, kwamba zinahesabiwa tangu tarehe iliyochapwa na si tangu siku niliyolisoma mimi. Mwezi ulipoisha ilikuwa na mistari 31 na nilikuwa naipenda kama mtu anavyopenda bustani aliyoipalilia mwenyewe.

Kazi iliyokuwa inanila kuanzia saa nane mpaka giza ikawa ya dakika 40, ukaguzi ndani yake.

Ukaguzi, ndiyo. Sikuwa mjinga kiasi hicho. Kila Ijumaa nilichukua mistari kumi ya jedwali bila kuchagua, nikailinganisha na Gazeti lenyewe. Ilioana. Wiki baada ya wiki, kumi kwa kumi.

Na hapo ndipo mahali panaponiuma. Ule mstari uliomponza Wakili, hata ningeukagua, ungepita. Ulikuwa sahihi. Notisi ilisema 47 na jedwali likasema 47. Kosa lilikuwa la Gazeti, na Gazeti lenyewe likalisahihisha wiki mbili baadaye mahali linaposahihishia siku zote, pale mbele, kwa ile lugha yake kavu: katika notisi nambari fulani, maneno yaliyochapwa hivi yasomeke vile.

Ukaguzi wangu uliuliza kama kilichoandikwa kimenakiliwa sawasawa. Haukuwahi kuuliza kama kilichoandikwa bado kinasimama.

## Kwa nini sikuuandika

Hili ndilo lililoninyima usingizi. Miaka minane nimefanya kazi hii kwa mkono, na kila Ijumaa nilianza na ukurasa wa kwanza. Wakili anakumbuka nilimfundisha. Inakuwaje nilipokaa kuandika hatua zangu zote, hiyo haikutokea hata kidogo?

Nilijaribu visingizio. Nilikuwa na haraka. Stima ilipotea nikiwa katikati. Sikuwa na haraka, na stima ilirudi.

Ukimwuliza mama yangu ugali unasongwaje, atakwambia maji, unga, mwiko. Hatakwambia kwamba anasikiliza maji yanavyolia kabla ya kutia unga. Hafichi. Hajui kwamba anasikiliza. Ukimwambia anasikiliza atakubishia.

Mimi ukurasa wa kwanza haukuwa hatua. Ulikuwa mkono unaotafuta swichi ukiingia nyumbani usiku. Nilikaa na kuandika yale niliyojua kwamba nayajua, na yale mengine yakabaki machoni mwangu, na macho yangu nikayaondoa kwenye kazi siku ileile.

## Mkataba wa 1928

Wiki iliyofuata Wakili alinipa kazi nyingine. Nilidhani atakuwa amenihama. Kumbe hana kinyongo, au hana mtu mwingine.

Mteja wake ana jengo mjini, juu ya ardhi ya serikali aliyokodishiwa kwa miaka 99 kuanzia 1928. Jumlisha mwenyewe: 2027. Afanye nini asije akaamka siku moja jengo ni lake na ardhi si yake?

Wakili alisema maswali ya namna hii yatakuja mengi, Nairobi imejaa mikataba ya enzi hizo. Kwa hiyo, niwie radhi msomaji, nikafungua karatasi mpya. Tarehe ya kuanza, ongeza miaka, toa tarehe ya mwisho, taja hatua za kuomba nyongeza. Jibu likatoka kabla sijanywa maji. Nadhifu, lina vichwa, lina hatua sita. Ningeweza kulituma.

Simu ya kibandani ndiyo iliyonizuia. Nikachukua swali lilelile nikalipeleka kwenye utafiti wa kina, kitufe nilichokuwa nimekidharau tangu zile nyanya.

Haukuondoka. Uliniuliza kwanza. Mteja anataka kuongeza muda kabla haujaisha, au anazungumzia kupewa upya baada ya kuisha? Ardhi iko chini ya kaunti au serikali ya kitaifa? Na la tatu: mmiliki ni mtu binafsi raia wa Kenya, au ni kampuni, na kama ni kampuni hisa ni za nani?

Sikujua. Nikampigia Wakili.

“Ni kampuni ya familia,” akasema.

“Hisa zote ni za familia?”

“Ni za familia, dada.”

“Wote ni Wakenya?”

Kimya. Nikasikia kiti kinavutwa. “Ngoja nikupigie.”

Alipiga baada ya saa nzima. Kuna mkwe Mholanzi. Alipewa hisa chache miaka ya nyuma, kama shukrani, hata wenyewe walikuwa wamesahau.

Sasa tazama. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia hawezi kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99, nacho kinahesabu kampuni kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Yote. Na kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa kipaumbele yule aliyekuwa anashika ardhi mkataba ukiisha, mradi awe raia wa Kenya na ardhi yenyewe isihitajiwe na serikali kwa matumizi ya umma. Zile hisa chache za shukrani ndizo zilizokuwa kesi yenyewe. Jibu langu nadhifu la hatua sita halikuwa na mkwe ndani yake, na lisingekuwa naye kamwe, kwa kuwa sikumwandika.

Sisemi ripoti iliyokuja ilikuwa dhahabu. Kurasa 14, na nilikaa nazo siku mbili. Kiungo kimoja kilikuwa tangazo la muuza ploti lililovaa suti ya makala. Kingine kilikuwa kinaeleza mikataba ya nchi nyingine kabisa, na ripoti ikaichanganya na yetu bila hata kupiga chafya. Nilifungua kila kiungo, nikasoma sheria yenyewe, nikakata karibu theluthi. Wakili hunikumbusha wale wenzake wa New York waliopigwa faini ya dola 5,000 mwaka 2023, walipopeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Hucheka anaposimulia, lakini huisimulia kila mara, nami hujua anaisimulia kwa nini.

Lakini yale maswali matatu, kabla haijaanza. Hayo ningeyalipia peke yake.

## Anayeuliza na asiyeuliza

Wiki hizi sita nimekuwa nikijipa sababu mbalimbali za kuchagua kitufe. Nilianza na ukubwa wa kazi: kubwa kwa utafiti, ndogo kwa karatasi. Haikushika. Gazeti ni kurasa nyingi na kazi yake ni ya karatasi. Mkwe ni mstari mmoja na alihitaji utafiti. Nikajaribu umuhimu. Haikushika pia, kwa sababu tarehe ya pingamizi ni muhimu kuliko ripoti nyingi nilizowahi kuandika.

Sasa najiuliza kitu kimoja tu. Je, maswali ya kazi hii nimekwisha kuyauliza yote?

Karatasi haiulizi. Ndiyo faida yake, ndiyo maana inamaliza kabla sijanywa maji. Inachukulia kwamba aliyeiandika alikwisha kuhangaika, akajua risiti ni ipi na shamba ni lipi. Kama hukuhangaika, inakupa kutojua kwako kukiwa kumepangwa vizuri kwenye jedwali. Na jedwali lina heshima yake. Mtu akiona mistari na safu anaamini.

Utafiti nao si mtakatifu. Juzi uliniuliza ningependa ripoti iwe ndefu kiasi gani na kwa mtindo upi, kama fundi cherehani anayepima shingo ya mtu aliyeleta suruali. Na hata ukiuliza vizuri, unachorudisha ni malighafi. Asiyekuwa na siku mbili za kuisoma asiianzishe.

Mpwa wangu ana jibu rahisi. Anasema nichanganye: utafiti mara moja mwanzoni, yaliyopatikana yaingie kwenye mradi, karatasi iandikwe kutokana na hayo, kisha kazi ipangiwe saa ijiendeshe kila Ijumaa nikiwa saluni. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Hajakosea popote. Ila nilipomwuliza nani atasoma ukurasa wa kwanza nikiwa saluni, akasema, “Si utauandika kwenye karatasi, Anti?”

Nimeuandika. Ndio mstari wa kwanza sasa: anza na masahihisho, yalinganishe na kila notisi ya siku 60 zilizopita, ukikuta linalohusu jedwali letu lianikwe juu kabisa. Na mwisho wa karatasi nimeongeza: ukikuta kitu ambacho karatasi hii haikitaji, simama uniulize. Tangu hapo imesimama mara mbili. Mara moja notisi moja ilikuwa na mashamba matatu chini ya jina moja, na ilikuwa sawa kabisa kuuliza. Mara ya pili ilitaka kujua kama Murang'a ni kaunti.

(Kwa wanaonitumia ujumbe wakiuliza: hapana, nyaraka za wateja siziweki humo. Gazeti ni la umma, lishachapwa, kila mtu analisoma. Hatimiliki ya mtu, kitambulisho chake, wosia wa babu yake, hizo tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na kabla ya sheria tulikuwa na aibu.)

Swali ambalo mpwa hawezi kunijibu ni la ukurasa wa kwanza ujao. Ule ambao bado sijui kwamba huwa nausoma.

## Kurasa za mirathi

Kuna kitu sijamwambia Wakili.

Miaka ile ya kufanya kwa mkono, nilijua kutoka kwenye Gazeti mambo ambayo hakuna aliyenituma. Barabara itakayopanuliwa karibu na kwetu, kabla mwenye nyumba hajajua. Na katika kurasa za mirathi, Ijumaa moja, kati ya majina ya watu waliofariki bila wosia, jina la mwalimu wangu wa darasa la sita, kijiji chake, na mtoto wake anayeomba usimamizi wa mali. Ndivyo nilivyojua kwamba amekufa. Nilikaa na notisi ile mpaka maji ya chai yakakauka jikoni.

Haikuwa kwenye orodha ya mtu. Karatasi yangu isingeniletea. Utafiti nao usingeniletea, kwani ningeuliza nini?

Kwa hiyo, mistari yote ikiwa imeandikwa, nimerudi kulisoma. Silifanyii kazi, nalisoma tu, kwenye simu, ndani ya matatu, ukurasa kwa ukurasa, kabla karatasi haijapewa chochote. Inanila bando na inaniumiza macho. Ijumaa iliyopita tulikwama Pangani, mvua ikipiga vioo. Masahihisho yalikuwa matatu, hakuna hata moja langu. Nikapita kwenye ardhi. Nikaingia mirathi, majina yakinipita moja moja, mengine ya watu wa kwetu, moja nikalirudia mara mbili nikijaribu kukumbuka nililisikia wapi.

“Mathe,” konda akaniita, “si ulisema Roysambu?”

Nikainua kichwa. Tulikuwa Githurai.